Maombi ya Pinga Mlangoni mwa Seva

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: je, ni haki kumfungia mtu mlango kwa sababu anasema polepole?

Kwa wengine lingekuwa swali la mchungaji. Kwangu lilikuwa swali la seva. Mratibu wetu, Papa Gaspard, alikuwa ameniagiza kwamba ombi lolote linalochukua zaidi ya nusu dakika kuingia likatwe, ili mengine yapate nafasi. Agizo lenyewe lilikuwa na akili. Ila nilijua nani wangekatwa. Wangekatwa watu wa kule Pinga, kila mara, na ombi la Pinga likikatwa maana yake ni kituo cha afya kukaa bila dawa ya malaria ya watoto mpaka soko linalofuata. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikala nalo mboga ya sombe. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Ninawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye kile chumba cha mashine nyuma ya depo ya dawa, pale Walikale. Mnaniita Muzee, nami bado sijafika miaka thelathini na tano. Sikatai. Katika kazi yetu mtu anachakaa haraka kama betri ya sola, na mimi nilianza kuchakaa siku niliyofika. Sasa nimeiacha, nimerudi Masisi kwenye maharagwe na mihogo ya wazazi wangu, na mliniomba niwaachie maneno ya kuendeshea ile seva. Amri za kuandika zimo ndani ya mashine, mtaziona. Haya ni yale ambayo mashine haisemi.

Kwanza mwelewe ombi ni kitu gani. Muuguzi wa kituo cha Rubaya anaandika kwenye simu dawa anazohitaji, anabonyeza "tuma". Simu inatafuta njia kupitia mnara, ombi linazunguka huko juu, linashukia kwenye ile sahani ya setilaiti juu ya paa la depo, linabisha hodi kwenye mashine yetu. Ndani kuna vibarua wachache, ndivyo nilivyozoea kuziita zile programu zinazohudumia maombi. Kibarua mmoja anachukua ombi moja. Analisoma, anahakikisha aliyeomba ana haki ya kuomba, anatazama kama dawa ipo, anaandika, anajibu. Akiwa na huyo hana mwingine. Wanaokuja nyuma wanapanga foleni, na foleni nayo ina mwisho wake. Ikijaa, seva haiitikii hata hodi.

Ni hayo tu. Kila shida niliyoipata kwa miaka yote ilitoka kwenye maneno hayo machache.

Nilitoka Goma na diploma safi. Mama Espérance ndiye aliyenipokea. Alikuwa mkuu wa mashine, na kabla ya mashine alikuwa mtu wa phonie, ile redio ya kuitana kati ya vituo. Alikuwa amesomea kompyuta akiwa tayari na watoto wakubwa. Alishika diploma yangu, akaitazama pande zote.

"Kaka, iko muzuri sana," akasema. "Sasa tuiweke wapi? Hapa mvua ikinyesha inaingia."

Mwezi wangu wa kwanza watu walilalamika kwamba seva ni nzito. Nikawaza usiku na mchana, nikachora michoro, mwisho nikaona dawa yake: niongeze vibarua. Walikuwa wanne, nikaweka ishirini. Kwa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha mashine ikaanza kuhema. Kila kibarua anakula kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu ilipokwisha wakaanza kusubiriana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyemaliza kitu. Mama Espérance alikuja, akaweka mkono juu ya mashine kama anayepima homa.

"Umeita walimaji ishirini," akasema. "Majembe iko ngapi?"

Majembe yalikuwa matatu, manne ukikopa, nami nikarudi kwenye vibarua wanne. Kabla ya kuongeza vibarua, pimeni kila mmoja anakula kiasi gani mkigawe na kile mlicho nacho. Mkiona vibarua wote wameshikwa, msiulize kwanza "wako wangapi". Ulizeni "wanasubiri nini". Mara nyingi utakuta hawafanyi kazi yoyote. Wamesimama tu.

Kitu kingine ni kidole cha mtu. Mtu asipojibiwa anabonyeza tena, na simu yenyewe hurudia hata kama yeye hajabonyeza. Rubaya waliomba glavu siku ambayo jibu letu lilikuwa linapotea njiani. Ombi lilifika, jibu halikurudi, muuguzi akabonyeza tena, na tena. Depo nayo ikafungasha glavu kwa kila ombi lililofika. Wabebaji walipanda kilima cha Rubaya na masanduku kichwani, na jioni muuguzi akatuita kwa phonie.

"Walikale, munaona batu ya Rubaya iko na mikono ngapi?"

Tangu hapo tuliamua kila ombi lizaliwe na namba yake ndani ya simu, palepale linapoandikwa, kabla ya kutumwa. Likija mara ya pili na namba ileile, seva inasema "hili ninalo" na kurudisha jibu la kwanza. Msiitoe namba hiyo hata mtu akiwaambia inachelewesha. Kwenye mitandao yetu kurudia ni desturi, na mpokezi mzuri ni yule anayetambua kwamba amekwisha kusikia.

Sasa Pinga.

Pinga mnaijua, iko kaskazini, kufika ni kwa pikipiki na kwa neema. Wakati ule phonie yao ilikuwa imekufa ikingoja kipande kutoka Goma, kwa hiyo waliomba dawa kwa simu peke yake. Nami shuleni nilikuwa nimefundishwa kuogopa washambuliaji wa mtandao, na mimi somo la kuogopa sihitaji kurudiwa. Niliweka programu ya ulinzi, mlinzi wangu: anwani moja ya mtandao ikituma maombi mengi kwa mkupuo, ikataliwe. Baada ya wiki chache nikaona kitu cha ajabu. Kila siku ya soko la Pinga, karibu na saa sita mchana, anwani moja ilitupiga kwa rundo la maombi. Mlinzi wangu aliyakataa karibu yote. Nilijivunia, kisha nikaogopa, kisha nikaandika ripoti ndefu kuhusu adui asiyejulikana anayetushambulia siku za soko.

Mama Espérance aliisoma mpaka mwisho. "Adui iko na kalendari ya soko," akasema. "Umemuuliza mutu wa Pinga?"

Mtu wa Pinga alikuwa nje anafunga masanduku kwenye pikipiki. Aliitwa Safari, ndiye aliyebeba dawa zetu njia ile. Nilimuuliza kama anajua kitu chochote kinachotokea huko saa sita siku ya soko.

"Kwa soko? Ni miye," akasema.

"Wewe unafanya nini?"

"Kule chini hakuna rezo ya simu. Iko tu kule juu ya mulima. Sasa banganga ya ma poste yote ya afya bakikuja soko, bananipatia simu zabo. Ninaziweka mu mufuko, ninapanda. Nikifika, ninaziwasha zote. Zinatuma. Ninashuka."

"Za wauguzi wote, mara moja?"

"Sasa niwashe moja moja, nilale kule?" Alinitazama vizuri. "Unauliza juu ya nini? Hazifikaka?"

Mama Espérance alikuwa amegeukia ukuta, anacheka. Kisha akaniacha nimweleze mimi mwenyewe kwamba mashine yetu ilidhani yeye ni mshambuliaji. Safari aliendelea kukaza kamba. Alipomaliza akasema bila hasira, "Mushambuliaji gani anabebaka simu ya banganga saba na mwavuli?"

Nilimwondoa mlinzi yule kwa anwani ya Pinga siku hiyohiyo. Hapo ndipo tatizo la kweli lilipojitokeza, na ndilo lililonitoa usingizi. Simu zote zile juu ya mlima zilikuwa zinagawana uzi mmoja mwembamba wa mtandao. Ombi ambalo kutoka Masisi lilifika mara tu ulipobonyeza, kutoka mlima wa Safari lilichukua dakika kadhaa kuingia, herufi kwa herufi. Na kila moja lilishika kibarua wake. Kibarua amekaa ametega sikio, anangoja neno linalofuata, hana la kufanya. Simu chache za Pinga zikiwaka, vibarua wote wameshikwa, na nyuma yao Masisi, Rubaya na Walikale yenyewe wamepanga foleni wanalalamika. Hapo ndipo Papa Gaspard alipokuja na nusu dakika yake.

Si mtu mbaya, Papa Gaspard. Alikuwa na vituo vingi vya kuvijibu, na Pinga ilikuwa sehemu ndogo. Aliniambia, "Sikiliza kijana. Huwezi kuzuia watu wa kilima kizima kwa sababu mtu mmoja anatembea na fimbo."

Nilisema ndiyo. Halafu sikuiweka ile nusu dakika. Nilimwambia ninapima. Kweli nilikuwa ninapima, nilikuwa na uwezo wa kupima mpaka kiyama. Nikikata, Pinga watakosa dawa. Nisipokata, siku moja Rubaya watakwama wakiwa na mama anayetokwa damu. Nikiongeza vibarua, mashine itahema. Nikimwambia Safari awashe simu moja moja, mvua itamkuta juu ya mlima na betri zitakwisha. Kila jibu lilikuwa na mtu ndani yake.

Mama Espérance hakuwepo. Alikuwa Kisangani kwa binti yake aliyekuwa amejifungua. Nilimpigia.

"Mama, nikate ao nisikate?"

"Unaniuliza miye? Miye niko naosha mutoto."

"Papa Gaspard anasema nusu dakika."

"Na weye unasema nini?"

"Mimi ninaona ubaya wa pande zote mbili."

"Weye unaonaka pande tano." Nilisikia maji, na mtoto akilalamika. "Kaka, miaka yote ile kwa phonie, nilikuwa ninakata nani?"

"Sijui, Mama."

"Ule amenyamaza. Mutu akisema polepole unamungojea, juu bado iko anasema. Utamusikia anatafuta maneno, anakohoa, bado iko. Lakini akinyamaza, unahesabu kidogo, unamukata, unaita mwingine. Sikukataka mutu juu ya urefu ya maneno yake. Sasa niache, huyu ananiteleza."

Nikaiweka simu, nikarudi kwenye vipimo vyangu. Nilikuwa nimeweka swali vibaya tangu mwanzo. Nilikuwa ninapima urefu wa ombi tangu lilipobisha mpaka lilipokwisha. Kilichostahili kupimwa ni ukimya kati ya neno na neno. Ombi linaloingia kidogo kidogo ni mtu anayesema. Ombi ambalo halijaleta kitu kwa muda limepoteza njia, hilo ndilo la kukata, na likikatwa halimwonei mtu yeyote.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya dawa. Hata ukimngoja anayesema, kibarua bado ameshikwa. Nusu ya pili nilikuwa naijua tangu shule, na nilikuwa ninaiogopa tangu shule.

Kwetu Masisi jirani yetu alikuwa anatengeneza jibini. Asubuhi wenye ng'ombe walishuka na maziwa, na kila mmoja aliyamimina kupitia kitambaa cha kuchuja, mwingine haraka, mwingine kwa mkono unaotetemeka. Yule mtengenezaji hakusimama hapo kushika kitambaa. Mlangoni aliweka mtu mmoja mvumilivu na mapipa. Pipa likijaa, linaingia ndani kwa mara moja, na mtengenezaji anafanya kazi yake bila kujua nani alimimina polepole. Kwenye seva mtu huyo wa mlangoni yupo. Ni programu inayokaa mbele ya vibarua. Inaweza kushika maombi mamia yaliyo nusunusu bila kuchoka, kwa sababu haifanyi lingine ila kupokea. Ombi likikamilika, inampa kibarua likiwa zima. Kibarua analimaliza kwa kufumba na kufumbua, anaachiwa. Yeye hakutani tena na mlima wa Pinga.

Mnaniuliza kwa nini sikuiweka tangu mwanzo. Kwa sababu mashine ilikuwa moja. Mtu wa mlangoni akikataa kazi, hakuna anayeingia, si Pinga, si Rubaya, si yeyote. Agizo la nusu dakika lilikuwa mstari mmoja wa kuandika, na lisingeangusha kitu isipokuwa wale ambao tayari hawasikiki.

Siku ya soko la Pinga ilipofika nilikwenda ofisini kwa Papa Gaspard kabla hajafungua dirisha.

"Papa, ile nusu dakika siiweki."

Akavua miwani. "Umekuja kuniambia asubuhi mapema hivi kwamba hutaki?"

"Ninataka kuweka kitu kingine. Leo. Kabla ya saa sita."

"Leo siku ya soko? Si ungengoja siku ya Mungu, watu wako kanisani?"

"Nikingoja nitaanza kupima tena."

Hilo alilielewa, alikuwa amenijua vya kutosha. Akauliza ikianguka itakuwaje. Nikamwambia nitairudisha kama ilivyokuwa na nitaiweka nusu dakika yake mbele ya macho yake. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema sijui, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia sijui bila kuongeza maelezo. Akavaa miwani.

"Nenda. Nitakuja kuangalia."

Nilishika phonie, nikawaambia Masisi na Rubaya na wengine wote wasitume kitu mpaka niwaite. Rubaya wakauliza kama ni glavu tena. Nikarudi chumbani, nikaiwasha ile programu ya mlangoni. Ikakataa. Nikaona tayari uso wa Papa Gaspard. Kisha nikasoma ilichosema, jambo ambalo nawasihi mlifanye kabla ya kuogopa: mlango una mtu tayari. Programu ya vibarua bado ilikuwa imekaa palepale inaposikilizia. Watu wawili hawasimami kwenye kizingiti kimoja. Nikaisogeza ya vibarua ndani, kwenye mlango wake wa uani, nikaiwasha tena ile ya mlangoni. Ikakaa. Nikaagiza isimkate mtu isipokuwa amenyamaza dakika nzima. Nikaita vituo.

Masisi waliingia. Rubaya waliingia, wakajibiwa kabla sijamaliza kusoma jina lao. Halafu, karibu na saa sita, anwani ya Pinga ikatokea, mistari yake ikajipanga kwenye skrini mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na kipande chake kidogo. Nilitazama vibarua. Walikuwa huru wote wanne.

Papa Gaspard aliingia, akasimama nyuma ya kiti changu. Tulitazama pamoja. Maombi ya Pinga yalikamilika moja moja, yakaingia ndani, yakatoka. Likabaki moja. Lilikuwa la kituo cha mbali zaidi, na lilikuwa linasogea kwa namna ya kutia uchungu. Lilisimama. Likaongeza kipande. Likasimama tena.

"Hilo limekufa," akasema Papa Gaspard. "Kata, ufunge kazi."

"Bado linasema, Papa."

"Linasema nini? Tangu niingie liko palepale."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kibonyezo. Najijua: ningekaa hapo nikilitazama, ningehesabu, ningeanza kuona pande zangu tano, na mwishowe ningelikata ili tu nipumzike. Na Papa Gaspard angeshukuru. Hakuna ambaye angeniuliza, hata wao wenyewe huko mlimani wangesema ni rezo imekatika.

Likaongeza kipande kingine.

Nikanyoosha mkono nikazima skrini. Seva niliiacha inawaka, taa zake zinapepesa vilevile. Nikaondoka kwenye kiti.

"Twende depo, Papa," nikasema. "Tuanze kufungasha dawa za Pinga. Hili la mwisho nalo litengewe nafasi."

Alitazama kioo cheusi, akanitazama mimi. Nilikuwa tayari nje, ninatafuta masanduku.